Nyaya tatu zinazokwamisha mashine ya mamilioni

*Kebo za data za wapima ardhi zinakatika, plagi zake haziuzwi madukani, na mchoro wa pini hauonekani kwenye mkoba wa mashine. Mwenye hasara ni mwenye kiwanja.*

Mpima ardhi amerudi kutoka uwandani na pointi mia nne. Zote zimo ndani ya mashine: kona za viwanja, kingo za barabara, mwembe ambao wazee wa mtaa wanasema ndio mpaka. Anafika mezani, anafungua kompyuta mpakato, anachomeka kebo, anabonyeza kitufe cha kutuma. Kompyuta haipokei kitu. Anaichezesha kebo karibu na shingo ya plagi, herufi chache zinapita, kisha basi. Waya umekatika ndani.

Kama hana kebo nyingine, atasoma kila pointi kwenye kioo kidogo cha mashine na kuiandika kwa mkono. Dar es Salaam iko katika kanda ya 37 Kusini ya mfumo wa UTM. Huko namba ya mashariki ina tarakimu sita na ya kaskazini ina tarakimu saba, kabla ya desimali. Ongeza desimali tatu kwa kila moja na pointi moja inakuwa tarakimu 19, hapo kimo hakijaandikwa. Pointi 400 ni tarakimu 7,600. Ikikosewa moja tu kwenye nafasi ya makumi, bikoni ya mpaka imehamia kwa jirani.

Kebo ikiwa nzima, kazi hiyo hiyo haimalizi dakika moja. Kwa kasi ya baudi 9600, ambayo mashine nyingi za aina hii zinaiweza, herufi 960 hupita kila sekunde. Ikiwa kila pointi inachukua herufi 60 kwenye faili, pointi 400 zitamaliza kuingia kwenye kompyuta ndani ya sekunde 25.

Sekunde 25 kwa upande mmoja, tarakimu 7,600 kwa mkono kwa upande mwingine, na kinachozitenganisha ni nyaya tatu nyembamba. Makala haya yanauliza kwa nini nyaya hizo ni ngumu kupatikana, na nani anapaswa kuzitengeneza.

Mashine haijazeeka

Mashine yenyewe ni totali stesheni. Inakaa juu ya miguu mitatu na kupima pembe na umbali kwa pamoja: inatuma mwale kwenye prizimu iliyoshikwa na msaidizi, mwale unarudi, mashine inakokotoa mahali prizimu iliposimama. Ikitunzwa vizuri na kukaguliwa kwa wakati, hutoa vipimo sahihi kwa miaka mingi. Ndiyo sababu totali stesheni zilizotengenezwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 bado zinabebwa mabegani. Aliyeinunua kwa mamilioni ya shilingi haitupi kwa sababu mashine mpya ina Bluetooth.

Lakini mashine hizo zilizaliwa wakati kila kompyuta ilikuwa na mlango wa siriali, ule unaopitisha taarifa biti moja baada ya nyingine. Kanuni zake, RS-232, zilitolewa Marekani mwaka 1960 na chama cha watengenezaji wa vifaa vya elektroniki, EIA. Toleo lililoenea zaidi, RS-232-C, ni la mwaka 1969. Kiunganishi cha mwanzo kilikuwa na pini 25. IBM ilipotoa kompyuta yake ya AT mwaka 1984 ilipunguza hadi pini tisa, na kiunganishi hicho chenye umbo la herufi D kikaenea dunia nzima.

USB ilikuja mwaka 1996. Miaka miwili baadaye Apple ilitoa iMac isiyo na mlango wa siriali, na katika miaka ya 2000 watengenezaji wengine wa kompyuta mpakato wakafuata mmoja mmoja. Leo huupati mlango huo kwenye kompyuta mpya za kawaida, uwe Kariakoo au Luthuli Avenue jijini Nairobi. Totali stesheni ikabaki na lugha yake ileile, na kompyuta ikahama.

Kwa hiyo mpima wa leo anahitaji vitu viwili vifanye kazi kwa pamoja: kebo ya mashine yake, ambayo ncha moja ni plagi ya pekee na nyingine ni ya pini tisa, na adapta ya kuingiza pini hizo tisa kwenye USB. Kimoja kikifa, kazi imesimama.

Wakala na fundi

Mawakala wa mashine hizi wana jibu moja: nunua kebo ya kampuni. Hoja yao ina uzito na haifai kudharauliwa. Kwenye mashine za Leica zenye tundu la pini tano, pini ya kwanza imebeba volti 12 za betri, kwa sababu tundu hilo hilo hutumika kuipa mashine umeme kutoka nje. Fundi akiipeleka pini hiyo kwenye waya wa data, au akiigusanisha na waya wa ardhi, anaweza kuua sakiti ya mawasiliano. Kebo ya elfu chache itakuwa imezaa tengenezo la mamilioni. Na mashine ikiwa bado kwenye dhamana, nani atalipa?

Mafundi wana jibu lao. Kati ya pini tano, data inahitaji tatu tu. Aliyewahi kulehemu redio anaweza kulehemu kebo hii kwa muda mfupi. Bei ya kebo ya kampuni, ukijumlisha usafirishaji na kodi, inatosha kumlipa chenimani, yaani msaidizi wa mpima, kwa siku kadhaa, na mara nyingi haipo stoo: inaagizwa, na mteja anasubiri huku msimu wa kazi unapita.

Katikati yao kuna kebo za kuiga zinazouzwa mtandaoni kutoka China kwa bei ya chini. Baadhi hufanya kazi vizuri kwa miaka. Baadhi zina wavu wa kinga usiofungwa popote, waya mwembamba kama uzi, na plagi inayochomoka yenyewe. Mnunuzi hana njia ya kutofautisha mpaka aikate.

> Hatari anayoitaja wakala ni ya kweli. Lakini hatari hiyo inatokana na kutojua, na mchoro wa pini ni karatasi moja.

Mwandishi wa makala haya anasimama upande wa fundi, kwa sharti. Fundi afanye kazi kwa mchoro na mita ya umeme, asibahatishe. Na anayepaswa kutoa mchoro huo ni yule aliyeuza mashine. Kumficha mteja mpangilio wa pini za kitu alichokinunua kwa fedha zake, kisha kumtisha kwamba kebo ya mtaani itaiunguza, hakumlindi mteja.

Kilicho ndani ya kebo

Msingi wake ni mwepesi. Waya mmoja hutuma, mmoja hupokea, na wa tatu ni wa ardhi, yaani ule ambao pande zote mbili huutumia kama sifuri ya kupimia. Anachotuma huyu ndicho anachopokea yule, kwa hiyo waya wa kutuma wa mashine lazima ufike kwenye pini ya kupokea ya kompyuta. Kosa linalowasumbua wengi ni kuunganisha kutuma na kutuma. Hapo pande zote zinazungumza na hakuna anayesikiliza.

Kwenye kiunganishi cha pini tisa cha kompyuta, pini ya 2 hupokea, ya 3 hutuma, ya 5 ni ardhi. Kwenye tundu la pini tano la totali stesheni za Leica, pini ya 3 ni ardhi, ya 4 hupokea, ya 5 hutuma. Kebo basi inasomeka hivi: 5 ya mashine kwenda 2 ya kompyuta, 4 kwenda 3, na 3 kwenda 5. Pini ya kwanza yenye volti 12 haiunganishwi na chochote, na fundi mwangalifu huivisha kijimpira ili isiguse jirani yake.

Na kama mchoro haupo? Hapa ndipo mita inapomtofautisha fundi na mbahatishaji. RS-232 inataka volti kati ya −3 na −15 zisomwe kama moja, na kati ya +3 na +15 zisomwe kama sifuri. Waya wa kutuma ukiwa umepumzika, hukaa kwenye moja, yaani kwenye volti hasi. Basi washa mashine, iweke kwenye hali ya mawasiliano kama ina hali hiyo, shikilia ncha nyeusi ya mita kwenye ardhi, na pima pini moja moja kwa ncha nyekundu. Inayoonyesha hasi tano hadi hasi kumi na mbili ndiyo inayotuma. Inayoonyesha chanya 12 bila kuyumba ni ya betri, usiiguse tena. Ya kupokea kwa kawaida husoma karibu na sifuri.

Ukikuta pini ya kutuma imepumzika kwenye chanya 3.3 au chanya 5, simama hapo. Hiyo si RS-232. Ni volti za ndani za sakiti, ambazo mafundi huziita TTL, na ukiziunganisha moja kwa moja na mlango wa pini tisa unaweza kuichoma chipu ya mashine. Kati yao lazima pawe na chipu ya kubadilisha volti. Maarufu kuliko zote ni MAX232 na ndugu zake, na hizo hupatikana hata kwenye maduka madogo ya vipuri vya elektroniki.

Kuna jambo jingine linalowachelewesha watu. Baadhi ya programu za kupokea data hazianzi mpaka zione ishara kwamba upande wa pili uko tayari, na ishara hizo zina pini zake. Kebo ya nyaya tatu haina ishara hizo. Dawa yake ni kuidanganya kompyuta ndani ya plagi yenyewe: unganisha pini ya 7 na ya 8, kisha 1, 4 na 6 kwa pamoja. Vipande viwili vya waya, na kebo iliyodhaniwa mbovu inaanza kupitisha data.

Baada ya hapo mambo yanabaki kwenye mpangilio: kasi, idadi ya biti, pariti na biti ya kusimamisha lazima zifanane pande zote mbili. Zikitofautiana, kompyuta hupokea alama zisizosomeka, na mtu huanza kuilaumu kebo iliyo nzima.

Kutafuta plagi ndiyo kazi

Kulehemu ni kazi ya saa moja. Kuipata plagi inaweza kuwa kazi ya wiki.

Upande wa kompyuta hauna shida. Kiunganishi cha pini tisa cha kulehemu na kasha lake hupatikana kwa bei ndogo. Ukikitafuta mtandaoni, andika DE-9 na pia DB9, maana maduka hutumia majina yote mawili kwa kitu kilekile. Angalia pia skrubu za pembeni: za kawaida ni za inchi, 4-40 UNC, na ukipewa za M3 zitakaza nusu kisha zitaharibu uzi.

Upande wa mashine ndio unaotesa. Leica, yenye makao yake Heerbrugg nchini Uswisi, inatumia plagi za LEMO, kampuni nyingine ya Uswisi iliyoanzishwa mwaka 1946 na Léon Mouttet, ambaye jina lake ndilo lililozaa jina la kampuni. Plagi zake husukumwa na kujifunga zenyewe, na hazitoki ukivuta waya. Hutoka ukivuta kola. Kwa mtu anayefanya kazi kwenye vumbi na mvua, plagi hiyo ni rafiki. Kwa mtu anayetafuta ya kubadilishia, ni makumi ya dola za Marekani kwa moja, na haipo kwenye duka la mtaani.

Plagi inayohitajika inaanza na namba FGG.0B.305. Herufi za mwanzo zinataja aina ya plagi na mkao wa kijino kinachoiongoza, 0B ni ukubwa, na 305 inamaanisha pini tano. Baada ya hapo zinafuata herufi na tarakimu nyingine, na wengi huumia hapo. Sehemu ya mwisho inataja unene wa kebo ambao kibano cha plagi kinaweza kuushika. Ukiagiza plagi yenye kibano cha milimita nne kisha kebo yako ikawa na milimita sita, haitaingia. Ukifanya kinyume, haitabanwa, na mzigo wote wa kuvutwa utabebwa na lehemu. Pima kebo kwanza, agiza plagi baadaye.

Topcon na Sokkia za Japani, ambazo zimekuwa chini ya paa moja tangu Topcon iinunue Sokkia mwaka 2008, zimetumia kwa miaka mingi plagi ya mviringo ya pini sita ya Hirose, familia ya HR10A. Huko mtego uko kwenye herufi moja. HR10A-7P-6P na HR10A-7P-6S zote ni plagi na zinafanana kwa nje, lakini ya kwanza ina pini na ya pili ina matundu. Kabla ya kulipa, angalia tundu la mashine kwa tochi na uhesabu.

> Pima kebo kwanza, agiza plagi baadaye.

Wauzaji wakubwa wa vipuri kama Mouser, Digi-Key, Farnell na RS hutuma vifurushi hadi Afrika Mashariki. Tatizo ni kwamba nauli ya kifurushi inaweza kuipita bei ya plagi. Plagi moja inayoagizwa na mtu mmoja haina hesabu. Plagi kumi zinazoagizwa na wapima kumi wa mji mmoja zinaleta hesabu, na hapa vyama vya wapima na vyuo vinavyofundisha fani hiyo, kama Chuo Kikuu Ardhi cha Dar es Salaam na vyuo vya ardhi vya Morogoro na Tabora, vina nafasi nzuri ya kukusanya oda.

Lakini chanzo cha kwanza cha plagi kiko kwenye kabati la ofisi. Kebo ikikatika, mara nyingi waya ndio uliokufa, plagi iko hai. Kama haikumiminiwa mpira kiwandani, hufunguka kwa spana mbili ndogo, pini zinatolewa lehemu ya zamani, na inawekwa waya mpya. Kila kebo ya totali stesheni inayotupwa kwenye pipa la taka ni makumi ya dola zinazotupwa.

Waya wa mtandao haufai

Kosa linalorudiwa na mafundi wazuri kabisa ni kutumia waya wa mtandao wa kompyuta, ule wa kuwekwa ukutani. Unapatikana kila mahali, una nyaya nane za rangi tofauti, bei yake ni rahisi. Ndani yake kila waya ni shaba moja ngumu. Ukutani utakaa miaka ishirini. Kwenye mkoba wa mpima, ukikunjwa na kukunjuliwa kila siku, utavunjika mapema, na utavunjika mahali pasipoonekana.

Kinachotakiwa ni waya wa nyuzi nyingi nyembamba, wenye wavu wa kinga, na ala laini. Urefu wa mita mbili unatosha. RS-232-C ilishauri usizidi kiasi cha mita 15, kwa hiyo hapo hakuna wasiwasi. Wavu wa kinga ufungwe kwenye kasha la chuma la upande wa kompyuta, usikatwe na kuachwa ukining'inia.

Kuhusu kulehemu kwenyewe, vikombe vya pini za 0B ni vidogo mno kwa pasi ya kulehemu redio. Tumia ncha nyembamba na lehemu ya bati 63 kwa risasi 37, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 183 za Selsiasi na kuganda mara moja. Gusa kwa haraka uondoke. Plagi za kuiga zina plastiki inayolegea ukichelewa, pini zinainama, na plagi haiingii tena. Na kabla ya kulehemu waya wa kwanza, hakikisha nati ya nyuma, kibano na mpira wa shingo vimeshavishwa kwenye kebo. Vikisahauliwa, kazi yote inafumuliwa.

Mwisho wa kazi, kabla kebo haijaiona mashine, kila pini ya upande huu ipimwe na kila pini ya upande ule. Inayotakiwa kuungana iungane, isiyotakiwa isiungane. Upimaji huo wa dakika tano ndio dhamana ambayo fundi anaweza kumpa mteja, na mteja ana haki ya kuuona ukifanyika.

Adapta nazo zina balaa lake

Kebo ikiwa nzima, bado kuna adapta ya USB. Ndani yake kuna chipu, na chipu hizo zimeigwa sana. Mwezi Oktoba 2014 kampuni ya FTDI ya Scotland, mmoja wa watengenezaji wakubwa wa chipu hizi, ilitoa draiva mpya iliyosambazwa kupitia masasisho ya Windows. Draiva hiyo ilibadilisha namba ya utambulisho ya chipu bandia kuwa sifuri, na adapta zikaacha kutambuliwa na kompyuta. Watu waliokuwa wamenunua kwa nia njema, wasiojua kama chipu yao ni halisi au bandia, walijikuta na adapta mfu. Kelele zikapigwa, na draiva hiyo ikaondolewa.

Prolific ya Taiwan nayo ilifanya draiva zake mpya zikatae chipu zake za zamani za PL2303 pamoja na za kuiga. Kompyuta huonyesha alama ya njano ya onyo na kosa namba 10, na mpima hudhani mashine yake imeharibika. Kampuni zina haki ya kulinda kazi yao. Aliyeumia katika mapambano hayo ni mtumiaji wa mwisho, aliye mbali kabisa na kiwanda na asiye na namna ya kukagua chipu ndani ya plastiki iliyofungwa.

Ushauri wa vitendo: nunua adapta kwa muuzaji atakayekubali kuirudisha, ijaribu siku hiyo hiyo kwa kuunganisha pini ya 2 na ya 3 na kuandika kitu kwenye programu ya mawasiliano. Herufi zikirudi kwenye skrini, adapta ni nzima.

Si wapima peke yao

Nyaya hizi tatu zina kazi sehemu nyingi. Mashine za maabara za kupima damu, hasa za zamani kidogo, hutoa majibu kwa RS-232. Mahali pasipo na kebo, mtaalamu wa maabara hunakili matokeo ya mgonjwa kwa mkono kutoka kwenye karatasi ya mashine kwenda kwenye kompyuta iliyo pembeni yake. Viashiria vya mizani ya magari vina mlango huo. Ruta na swichi kubwa za mtandao hupangwa mara ya kwanza kwa kebo ya siriali. Kwenye vyombo vya baharini, vipokezi vya GPS huzungumza kwa kanuni za NMEA 0183 kwa kasi ya baudi 4800.

Kote huko kisa ni kilekile: mashine nzima, waya mbovu, mchoro hakuna.

Kwa upimaji wa ardhi, kilicho hatarini kina jina na anwani. Tanzania ina Sheria ya Upimaji Ardhi, Sura ya 324, na ramani ya upimaji haipati nguvu mpaka ipitishwe na Mkurugenzi wa Upimaji na Ramani. Juu ya ramani hiyo ndipo hati hujengwa, na juu ya hati hujengwa mkopo, nyumba, urithi. Namba iliyoandikwa vibaya mezani usiku inaweza kupita bila kuonekana na kuibuka miaka kumi baadaye mbele ya baraza la ardhi, wakati aliyeiandika ameshastaafu.

> Juu ya ramani ndipo hati hujengwa, na juu ya hati hujengwa mkopo, nyumba, urithi.

Yapo mambo ya kufanya, na hayahitaji bajeti kubwa. Halmashauri, hospitali au kampuni inapotangaza zabuni ya mashine yoyote yenye tundu la data, iandike kwenye masharti kwamba muuzaji atakabidhi mchoro wa pini, volti za kila pini, mpangilio wa mawasiliano, namba kamili ya kiunganishi, na plagi moja ya akiba. Muuzaji anayekataa apoteze zabuni. Vyuo vya ufundi viwape wanafunzi zoezi la kutengeneza kebo ya siriali kuanzia kusoma namba ya plagi kwenye katalogi hadi kuipima kwa mita, kwa sababu ujuzi huo unaajirika kesho yake.

Na wewe mpima unayesoma haya, usisubiri kebo ikatike. Fungua mkoba wa mashine yako leo, chukua mita, pima kebo ikiwa bado nzima, chora pini zake kwenye karatasi, na uibandike ndani ya mfuniko. Atakayeitengeneza siku ikikatika atahitaji karatasi hiyo kabla ya kitu kingine chochote.